Mteja akiandika kwamba maweita wenu ni "snooty"

Swali: Habari mwalimu. Mimi ni msimamizi wa maweita katika mkahawa mmoja hapa Westlands. Juzi mteja alituandikia maoni mtandaoni, maneno manne tu: "Lovely food, snooty waiters." Meneja ameniambia nimjibu, tena nimwandikie memo weita aliyehudumia meza ile. Niliangalia kamusi nikaona "-enye kiburi", kwa hiyo kwenye memo nikaandika kwamba analalamikiwa kuwa "proud and rude". Amekataa kutia sahihi, anasema hajamtukana mtu. Je, snooty ni sawa na proud? Naweza kuweka neno lenyewe kwenye memo? Na mteja nimjibu vipi?

Jibu: Dada, weita wako ana hoja, na ningekushauri uiondoe hiyo memo ya kwanza kabla hujaandika ya pili. Mteja alisema neno moja, wewe ukampelekea mshtakiwa maneno mawili ambayo mteja hakuyasema. "Rude" ni lawama nyingine kabisa. Mtu anaweza kuwa snooty tangu mlango ufunguliwe hadi viti vipandishwe juu ya meza usiku, asitamke hata neno moja baya.

Snooty husemwa juu ya mtu anayejiona yuko ngazi ya juu kuliko wenzake, iwe kwa pesa, elimu, ladha ya chakula au hata jina la mtaa anakokaa, kisha akahakikisha wenzake wamelijua hilo. Mambo hayo mawili lazima yaende pamoja. Anayejiona moyoni tu, bila kumwonyesha mtu, haitwi hivyo. Anayemdharau mwenzake kwa sababu ni mwongo au mlevi haitwi hivyo pia. Dharau inayozungumziwa hapa ni ya hadhi: wewe si wa hapa, chakula hiki hukijui, viatu vyako vimekusema. Hapa Nairobi tungesema "ana madharau" au "anajiskia sana". Mtu wa Pwani angesema ana nyodo, na kwa maoni yangu hilo ndilo lililo karibu zaidi, kwa sababu ndani yake mna maringo na dharau kwa pamoja.

Kamusi yako haikudanganya, ila kiburi ni neno pana mno. Mtoto anayekataa kuitika akiitwa na mamake tunasema ana kiburi. Mzee asiyetaka kushauriwa na vijana, vilevile. Kiingereza hakingewaita hao snooty hata siku moja.

Na "proud" ndilo lililokuharibia zaidi. Kiingereza chetu cha Kenya kinalitumia kwa maringo: "that girl is very proud" kila mtu hapa anajua ni lawama. Msomaji wa Uingereza au Marekani anaweza kulielewa kinyume, maana kwao mara nyingi linabeba sifa, fahari ya mtu kwa kazi yake au watoto wake. "Proud waiters" kwake huenda ikawa ni wahudumu wanaojivunia mkahawa wao. Mkitaka kuutumia uandishi wenu kwa wateja wa kila aina, proud kwa maana ya maringo liacheni kwenye mazungumzo ya nyumbani.

Sasa tazama tabia yenyewe ikoje mezani, kwa sababu hapo ndipo utakapojua la kumuuliza kijana wako. Mteja anasoma menyu na kuagiza bruschetta, akilitamka kwa "sh". Weita anaandika, anainua nyusi kidogo, halafu anarudia polepole, "brus-ket-ta". Kwa Kitaliano weita ndiye yuko sahihi, "ch" mbele ya "e" husomwa "k". Lakini mteja hakuja darasani, na meza nzima imesikia akisahihishwa. Hapo hakuna tusi, sauti haikupandishwa, na "madam" ilitajwa mara tatu. Hiyo ndiyo snooty katika umbo lake safi. Ziko nyingine za namna hiyo. Mtu anaomba chai ya maziwa, anajibiwa kwamba kuna ukurasa mzima wa chai kwenye menyu, akipenda ausome. Mtu anaongea Kiswahili mwanzo hadi mwisho, weita anamjibu Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Orodha ya mvinyo inapewa mmoja tu kati ya wanne, baada ya jicho kupita kwenye saa ya kila mkono.

Utaona adabu yenyewe ndiyo silaha. Kwa hiyo mhudumu akijitetea kwamba alikuwa na adabu wakati wote, huenda anasema kweli tupu, na mteja naye anasema kweli.

Picha iliyomo ndani ya neno ni ya pua. "Snoot" ni pua, namna ya Kiskoti ya neno "snout", yaani pua ndefu ya mnyama kama nguruwe. Kivumishi snooty kilizuka mwanzoni mwa karne ya 20, na kinamchora mtu aliyeinua kichwa nyuma kiasi kwamba akikutazama ni lazima macho yapitie juu ya pua yake. Sisi dharau tunaiona kwingine, kwenye midomo inayobetuliwa na jicho linalokatwa. Nalitaja hili kwa sababu moja ya kikazi: ukimuuliza weita kama alimbetulia mteja midomo atakataa, na atakuwa mkweli. Kusonya na kubetua midomo ni dharau ya waziwazi, na mteja angeiita "rude" bila kusita. Muulize alivyotazama, alivyorudia oda, na lugha aliyojibu.

Kuna jambo jingine ambalo kamusi hazilisemi vizuri, nalo ni kwamba neno hili lina kicheko ndani yake. Anayesema "snooty" hajavunjika moyo wala hajawaka hasira. Anamcheka kidogo yule aliyejipandisha. Mteja wenu angekuwa amekasirika kweli angeandika "rude", "disgusting" au "never again". Badala yake alianza na sifa ya chakula, na sifa yenyewe aliiandika "lovely". Huyo bado ni mteja wenu. Anarudi mkimjibu vizuri.

Kicheko hicho huelekea juu daima: anayesemwa ni aliyejiweka juu, anayesema ni aliyetazamwa kwa dharau. Ndiyo maana nakuonya juu ya neno jirani linalofanana nalo kwenye orodha za visawe, "uppity". Hilo huelekea chini. Humwambia mtu kwamba amesahau nafasi yake, kwamba anajifanya sawa na wakubwa. Kule Marekani lilitumiwa sana na wazungu dhidi ya watu Weusi waliodai kuheshimiwa, na harufu hiyo haijalitoka hadi leo. Meneja akimwandikia weita kwamba ni "uppity", amemwambia mkae mahali penu. Katika mji huu, ambako wazee bado wanakumbuka hoteli zilizokuwa za wazungu peke yao, sidhani kuna neno baya zaidi la kuweka kwenye barua ya kazi. Kompyuta ikikupendekezea, likatae.

Majirani wengine si hatari kiasi hicho, lakini kila mmoja ana mahali pake. "Snobbish" linakaribiana sana na snooty kwa maana, ila ni zito kidogo na unaweza kuliweka kwenye maandishi ya heshima. Nomino yake ni "snob", na hii ndiyo nomino utakayoihitaji ukitaka kumtaja mtu mwenyewe, kwa sababu "he is a snooty" si Kiingereza. Utasikia watu wakisimulia kwamba snob lilifupishwa kutoka maneno ya Kilatini yenye maana ya asiye na ukoo bora. Ni hadithi tamu isiyo na ushahidi. Mwishoni mwa karne ya 18 snob alikuwa ni fundi viatu. "Stuck-up" ni la watoto wa shule na majirani, husemwa juu ya watu tu, na kistari kinahitajika, la sivyo msomaji anaweza kudhani kuna kitu kimebandikwa ukutani. "Toffee-nosed" ni la Uingereza na limezeeka. "Hoity-toity" ni la utani. Mwenye umri chini ya miaka sitini akilitumia watu watacheka wasichokusudiwa kukicheka. "Posh" siyo lawama hata kidogo peke yake. Ni hadhi ya kitu, na hapa kwetu mara nyingi ni sifa: mtaa wa posh, shule ya posh. Mkahawa wenu unaweza kuwa posh bila kuwa snooty, na nadhani hilo ndilo meneja wako anataka.

"Sniffy" nalo ni la pua, kutokana na kuvuta pumzi kwa pua kama mtu aliyenusa kitu kisichompendeza. Tofauti yake na snooty ni kwamba sniffy hukidharau kitu zaidi ya mtu: "He was sniffy about our mandazi" maana yake aliyaona mandazi yetu hayafikii kiwango chake. Weita hawi sniffy kwa mteja kwa kawaida. Mteja ndiye huwa sniffy kwa chakula.

Halafu kuna "snotty", na hapa watu wengi hujikwaa. Hili linatokana na "snot", kamasi. Maana yake ya kwanza ni mwenye makamasi, kama mtoto wa homa. Maana ya pili ni mjeuri mwenye dharau, na Waingereza wana mazoea ya kusema "a snotty email" kwa barua pepe ya ukali na kebehi. Kwenye tahajia, snooty ina o mbili na t moja, snotty ina o moja na t mbili. Ukiandika haraka kwenye simu ni rahisi kuzigeuza, ukajikuta unamwomba mteja radhi kwa sababu ya wahudumu wenye makamasi, jambo ambalo kwa mkahawa ni balaa. Kwa matamshi, sauti ya snooty ni "snuuti", vuta u. Kiswahili hakianzi neno kwa s na n zikiwa zimebanana, kwa hiyo ulimi utataka kusema "sinuti". Izoeze s iingie moja kwa moja kwenye n. Ukifupisha u ikawa o, umerudi kwenye makamasi.

Nikupe sarufi yake, maana utalihitaji kwenye kazi hii. Ni kivumishi cha kawaida, hukaa mbele ya nomino au baada ya kitenzi: "a snooty waiter", "the waiter was snooty". Ngazi zake ni "snootier" na "snootiest", kielezi "snootily", nomino ya tabia "snootiness". Linakubali kupunguzwa makali kwa "a bit" au "rather", na Waingereza hulipunguza hivyo mara nyingi. "Absolutely" haliendi nalo vizuri. Ukitaka kutaja anayedharauliwa, tumia "to" au "towards": "He was snooty to the guests." Ukitaja kitu kinachodharauliwa, tumia "about": "She is snooty about instant coffee." Mara nyingi naona wanafunzi wetu wakiandika "snooty on", pengine kwa kufuata "juu ya" ya Kiswahili. Haikubaliki.

Muundo wenye faida kubwa zaidi kwako ni tofauti ya "he is snooty" na "he was being snooty". Ya kwanza inasema ndivyo alivyo, ni tabia yake, kama tunavyosema "ni mtu wa madharau". Ya pili inasema ndivyo alivyofanya wakati ule, kama "alikuwa anajiskia siku hiyo". Unapozungumza na mfanyakazi kuhusu meza moja ya Jumamosi moja, huna haki ya kutumia ya kwanza. Kijana akisikia "you are snooty" anasikia hukumu ya utu wake. Akisikia "the guest thought you were being snooty" anaweza kukumbuka kilichotokea na kukieleza. Nakisisitiza kipengele hiki kwa sababu ndicho kinachofanya mazungumzo yaendelee au yafe pale pale.

Linaweza pia kusemwa juu ya sauti, jibu, tazamo, klabu, duka au mtaa, kwa kuwa nyuma ya hivyo kuna watu. Gari la bei ghali haliwi snooty. Na mtu akidharau asichotaka kukifanya, tunasema "too snooty to", kwa mfano "too snooty to eat at a kibanda".

Memo, basi. Jibu langu ni kwamba neno snooty usilitumie kama lako. Ni neno la mazungumzo, linacheka, na memo ya kazi haipaswi kumcheka mtu. Lakini unaweza kulinukuu, ndani ya alama za nukuu, kama alivyoliandika mteja, kwa sababu ndilo lalamiko lenyewe. Baada ya nukuu hiyo, yote yanayofuata yawe matendo: siku, saa, meza, kilichoombwa, kilichojibiwa. Vivumishi viache kabisa. Wengine wangekushauri ubadilishe snooty kwa neno rasmi kama "condescending", "dismissive" au "disrespectful". Ni maneno mazuri ya barua, ila hayatatui tatizo lako, kwa sababu weita atabishana nawe juu ya disrespectful kama alivyobishana juu ya rude. Hawezi kubishana hivyo juu ya saa saba na nusu, meza ya saba, chai ya maziwa.

Hapa kuna jambo la sheria pia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri anayefikiria kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na amsikilize akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Sisemi mmefika huko. Kwa maneno manne ya mtandaoni msifike. Lakini faili la mtu hujazwa karatasi moja moja, na karatasi iliyojengwa juu ya neno ambalo chumba kizima hakiwezi kulieleza haitawasaidia nyinyi wala yeye.

Kwa hiyo utaratibu uwe hivi: ondoa memo ya kwanza kwa maandishi, mjibu mteja na umwombe aeleze kilichotokea, zungumza na weita ana kwa ana, ndipo uandike, kama bado kuna cha kuandika. Mfano wa sentensi zenyewe:

"On Saturday at about 1.30 p.m. you served table 7. A guest later wrote that our waiters were 'snooty'. She says that when she asked for milk tea you told her to read the tea page. Please let me have your account of what was said by Thursday."

Hakuna "proud", hakuna "rude". Kijana anaweza kuitia sahihi kwamba ameipokea bila kukiri chochote, na uiseme hivyo waziwazi ukimpa.

Kwa mteja, sheria ni kinyume: huko neno lake lipokee. Mtu aliyeandika snooty akijibiwa kwa Kiingereza cha barua ya serikali ataona amethibitishiwa alichosema. Ile fomula yetu ya "we regret any inconveniences caused" iache kabisa. Inconvenience ni usumbufu, kama maji yamekatika au foleni ya kulipa ni ndefu. Mtu aliyedharauliwa hakusumbuliwa. Na angalia sana sentensi hii, ambayo wengi huiona ya heshima: "We are sorry you felt our waiters were snooty." Umeomba radhi kwa hisia zake, ukaacha wahudumu wako safi. Wasomaji wa maoni mtandaoni wanaijua hila hiyo siku hizi.

Jaribu hivi: "Thank you, we're glad you enjoyed the food. Snooty is the last thing we want to be, and we're sorry that's the welcome you got. Would you write to us with the day and what happened? We'd like to put it right." Sentensi nne zinatosha. Neno lake limerudishwa mara moja tu, kwa sauti ileile ya wepesi; ukilirudia mara tatu utaonekana unamdhihaki. Usimtaje weita kwa jina. Usiahidi hadharani mlo wa bure, maana kesho wengine watagundua kwamba wahudumu wenu ni snooty. Kama mnataka kumkaribisha tena, fanyeni hivyo akishajibu kwa faragha.

Kitu cha kuogopa zaidi ni jibu ambalo lenyewe ni snooty. Mameneja wakiguswa huandika mambo kama "our regular clientele have never complained", au "perhaps our concept is not for everyone", au "as you may not be aware, our tea is sourced from single estates". Kila moja ya hizo inasema: wewe si wa hapa. Ukimaliza rasimu yako, isome kwa sauti ukitafuta sentensi inayompa mteja elimu asiyoiomba, uifute. Na ikiwa ameandika Kiswahili au amechanganya, mjibu kwa Kiswahili. Kumjibu Kiingereza ni kuirudia ile meza.

Nigusie kando kwa walio na watoto wa sekondari, kwa kuwa swali hili hunifikia pia kutoka kwao. Kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya, karatasi ya pili ya Kiingereza, 101/2, mtahiniwa huombwa kutaja sifa za mhusika. Hapo "haughty", "disdainful" au "snobbish" yanafaa zaidi kuliko snooty, ikifuatwa na ushahidi kutoka kwenye kifungu. Kwenye insha ya ubunifu ya 101/3, snooty linaruhusiwa mdomoni mwa mhusika anayezungumza.

Mwisho ni kikao cha maweita. Kifanye kwa Kiswahili, na kwenye meza ya kikao tumia "madharau" badala ya kiburi. Kiburi kitawafanya wajitetee kwamba wao si wenye viburi. Madharau ni kitu kinachotendwa, kinaweza kuonyeshwa na kikaachwa. Waambie wawili wasimame, mmoja awe mteja aombe chai ya maziwa. Weita ajibu mara ya kwanza, "Iko kwenye ukurasa wa chai", macho kwenye daftari. Mara ya pili ajibu, "Iko, ungependa na tangawizi ama bila?", macho kwa mteja. Kisha afanye vivyo hivyo na yule wa bruschetta: anaandika oda kama ilivyotamkwa, anasema "sawa", na akirudi na sahani anasema tu "karibu", bila kulitaja jina la chakula.